Pumzi ya Mpiga Gaida

Hospitali ya Kifua, bondeni
29 Mei 1983

Dafina,

Nimefika. Aliyechoka njiani ni dereva wa basi, si mimi, na yeyote atakayekuambia vingine mwambie aje aniulize mwenyewe. Chakula ni supu, halafu supu, halafu supu iliyobaki jana. Mtindi wao ni maji meupe. Lakini watu wananiheshimu. Wamenipa chumba cha chini kabisa, hatua chache kutoka mlangoni, wakati wengine wanapandishwa ngazi hadi ghorofa ya tatu kama mbuzi.

Sasa sikia habari yenyewe. Jana walinipima kifua. Kuna binti mmoja hapa anaitwa Nevyana, ndiye mtaalamu wa mazoezi, mdogo kuliko mwanetu Asen, mikono ya baridi kama chura. Akanizungushia futi kamba hapa chini ya matiti. "Vuta pumzi, Babu Manol." Nikavuta. "Sasa toa." Nikatoa. Akaitazama ile futi kamba, akaitazama tena, akamwita daktari mkuu. Daktari mkuu naye akatazama, akasema, "Kifua cha pipa. Mfano hasa." Halafu akawaita wanafunzi wa udaktari waje waone! Walijipanga mstari, Dafina, kutazama kifua changu. Mgodini nimechimba madini ya risasi mpaka nikastaafu na hakuna bosi aliyewahi kuniita mfano wa chochote.

Siri yangu wewe unaijua. Mimi sitoi pumzi hovyo. Mfuko wa ngozi wa gaida ukilegea, filimbi inalia kama kuku aliyekanyagwa na mpigaji anachekwa mpaka kijiji cha tatu. Basi na mimi huu mfuko wangu wa ndani nauweka umejaa saa zote. Wengine humu wanapuliza puliza midomo kama watu wanaopoza kijiko. Jirani yangu wa kitanda, Pencho, mtu wa uwandani, maisha yake yote amepanga majani ya tumbaku ghalani, yeye ndiye bingwa wa kupuliza. Nilimwambia, "Pencho, supu yenyewe imeshapoa, unapuliza nini?" Akaniambia, "Wewe subiri, mzee wa milimani."

Mwambie Asen sijasahau maneno yake. Alisema mbele yako kwamba siku ya Ilinden, sikukuu ya Mtakatifu Eliya tarehe mbili Agosti, nipande kwa miguu yangu kutoka barabarani hadi mlangoni kwetu. Nikifika, tunabaki Kozi Dol. Nikishindwa, tunahamia kwenye fleti yake mjini Smolyan kabla ya theluji. Sawa. Mimi naongeza langu: nitapanda bila kusimama. Chemchemi zote tatu za njiani nitazipita kama basi lisilo na abiria wa kushuka. Mwambie hivyo hivyo, usipunguze.

Manol,
mpiga gaida wa kwanza wa Kozi Dol na vijiji vya jirani


Kozi Dol
8 Juni 1983

Mzee wangu Manol,

Barua yako Kolyo wa posta aliiacha dukani barabarani, nimeipata Jumatatu nilipoteremka kununua chumvi. Nimeisoma nikiwa nimekaa kwenye chemchemi ya chini. Mimi huwa nasimama njiani, wala sioni aibu.

Viazi nimevipalilia. Mbuzi mweusi amezaa mapacha, mmoja ana doa usoni kama wewe ulipotoka mgodini. Nyasi za kwanza zimekatwa, mpwa wako amenisaidia, usiulize alikata vizuri au vibaya, zimekatwa.

Asen alipita na gari. Amechukua cherehani yangu akairekebishe mjini, ilikuwa inaruka nyuzi. Hatukuongea sana.

Hilo la pipa nimelifikiria. Wanafunzi wa udaktari hawaitwi kutazama kitu kizima, Manol. Mimi nilipokuwa na uvimbe shingoni waliitwa pia, na shingo yangu haikuwa mfano wa uzuri. Muulize huyo binti pipa maana yake nini. Muulize kwa adabu.

Na nijibu hili moja bila kuzunguka: unalala umelala, au bado unalala umekaa, umeegemea ukuta?

Maandishi yako yanateremka upande mmoja kama nyumba ya jirani yetu Ruska. Uliandikia wapi?

Dafina


Hospitali ya Kifua
17 Juni 1983

Dafina,

Maandishi yanateremka kwa sababu meza yao ina mguu mfupi. Hii naandika kwa penseli kwa sababu kalamu ya wino Pencho ameazima, na naandikia kitandani kwa sababu kitandani ni pazuri. Usianze.

Wanatutembeza kwenye ukumbi mrefu, toka mlango wa jikoni hadi dirishani na kurudi. Wanaiita matembezi ya tiba. Pencho anatembea kama anafuata jeneza, hatua mbili anavuta, hatua nne anapuliza. Mimi juzi nikaona aibu kwa niaba ya wanaume wote. Nikamwambia, "Kaa pembeni nikuonyeshe mchimba madini anavyotembea." Nikajaza kifua, nikakaza, nikaondoka. Nilimwacha mbali, Dafina! Dirishani nilifika wa kwanza. Hapo dirishani nilikaa chini kidogo. Sikuanguka. Kuna watakaosema nilianguka lakini mtu akianguka si anaumia? Mimi sikuumia ila goti.

Sasa huyo binti ananifuata kila saa. Ananilaza ubavu juu ya blanketi lililokunjwa, mkono juu ya kichwa, eti mbavu zifunguke kama feni ya karatasi. Ananikalisha kwenye kiti nimekumbatia fimbo, nijipinde kulia, nijipinde kushoto. Ananifunga taulo kifuani nishike ncha zake mwenyewe. Na wimbo wake ni ule ule: "Toa, Babu Manol. Toa. Bado ipo, toa." Nikamwambia, "Binti, mimi nimepiga gaida kwenye harusi kabla baba yako hajaota ndevu. Mpigaji anayeuacha mfuko uishe ni wa kurudishwa nyumbani." Akauma midomo.

Nitumie gaida langu. Wakilisikia hapa watanielewa. Mpe Kolyo, alipakie vizuri, lisibanwe na vifurushi vya watu.

Kuhusu kulala, nalala vizuri.

Manol


Kozi Dol
22 Juni 1983

Kwako Binti Nevyana,

Hunijui. Mimi ni Dafina, mke wa Manol, yule wa chumba cha chini mwenye maneno mengi. Naomba uniambie kweli. Yeye akiandika "sikuanguka" najua ameanguka, na akiandika "nalala vizuri" bila kusema analalaje, najua amekaa.

Gaida lake nimelituma leo. Usimnyang'anye. Najua halimfai kifua, lakini nataka ujue kwa nini hataki kutoa pumzi. Si ukaidi tu, ingawa ukaidi anao wa kugawia kijiji kizima na ukabaki. Alifundishwa na baba yake akiwa mtoto. Gaida ni mfuko wa ngozi ya mwanambuzi, unaupuliza kwa kijiti chenye tundu, unaubana kwapani, na filimbi inaimba. Baba yake alisimama nyuma yake na ufito, na kila mfuko ulipolegea, ufito ulitua mgongoni. "Ujaze! Ujaze!" Basi mpaka leo ukimwambia atoe pumzi, mabega yake yanapanda juu yenyewe kama anaungoja ule ufito. Mimi nimelala ubavuni kwake tangu usichana wangu, nimeyaona hayo mabega.

Jambo la pili. Hapa kwetu hakuna gari linalofika mlangoni. Kuna njia ya mawe, mteremko mkali, chemchemi tatu. Mwezi wa pili alikwama chemchemi ya kati, midomo ya bluu. Nilikwenda kuchukua kiburuzo, kile cha mbao tunachoburutia nyasi juu ya theluji, nikampandisha nacho. Yeye ndiye aliyeniomba nimfunike nyasi juu, majirani wadhani navuta chakula cha mbuzi. Nikamfunika. Ruska akanipigia kelele kutoka dirishani, "Dafina, nyasi nyingi hizo, mbuzi wako wana bahati!" Nikamjibu, "Wana bahati." Nilivuta huku machozi yanaganda.

Siku ile ndiyo niliyomwambia mwanangu atutafutie nafasi mjini. Manol hajui kwamba nilimwambia mimi. Anadhani ni mawazo ya Asen. Vitu vyangu vingine vimeshakwenda Smolyan kidogo kidogo. Sitaki kuondoka hapa. Lakini kuvuta tena siwezi, na kumwacha njiani siwezi.

Niambie kama atapanda.

Dafina wa Kozi Dol


Hospitali ya Kifua
28 Juni 1983

Mama Dafina mpendwa,

Ameanguka, ndiyo. Dirishani, mbele ya wagonjwa wote. Alipopata sauti, neno lake la kwanza lilikuwa "Pencho kafika wapi?"

Sitakudanganya. Vumbi la mgodini limeshafanya kovu kwenye mapafu na kovu halifutiki. Lakini shida yake kubwa kwa sasa ni nyingine. Mapafu yake yamejaa hewa iliyokwisha kutumika. Kwa kuwa hiyo haitoki, mpya haina pa kuingia. Mbavu zake zimekakamaa zikiwa zimeinuka, kama mtu aliyevuta pumzi siku nyingi zilizopita akasahau kuitoa. Ndiyo maana ya kifua cha pipa. Akivuta au akitoa, futi kamba yangu inasoma pale pale. Ndicho tulichowaonyesha wanafunzi. Yeye alifurahi sana, nikakosa moyo wa kumweleza.

Mbavu zinaweza kufundishwa kusogea. Miguu inaweza kupata nguvu. Nimewaona wagonjwa wenye hali mbaya kuliko yake wakirudi kwenye bustani zao. Ila lazima akubali kutoa pumzi, na lazima akubali kusimama kabla hajalazimika.

Nashukuru kwa habari ya ufito. Nilikuwa nimekaa naye kila asubuhi nikirudia "toa, toa", kumbe nilikuwa namwambia afanye jambo la aibu. Sasa najua pa kuanzia. Gaida limefika leo mchana. Bado sijampa. Nataka kwanza nifikirie nitamuuliza nini.

Ulichoniambia kuhusu Smolyan nakiacha kwako.

Nevyana


Hospitali ya Kifua
5 Julai 1983

Dafina,

Kaa chini kabla ya kusoma. Nimegundua kitu ambacho madaktari wote wa hapa hawakukijua.

Gaida lilifika. Binti Nevyana akaniletea mwenyewe, akakaa kitandani kwa Pencho, akasema, "Haya Babu, nifundishe, mimi sijui kitu." Nikalishika. Nikapuliza. Nakuambia wewe tu: mfuko haukujaa. Nilipuliza mara ya kwanza, ya pili, macho yakaona nyota. Pencho akataka kusema neno, binti akamzuia kwa jicho. Mwishowe Pencho mwenyewe akachukua kile kijiti akapuliza, na mapafu yake ya tumbaku, pumzi ndogo ndogo, anapoza supu, anapoza supu. Mfuko ukajaa! Ukasimama kwapani kwangu kama mwanambuzi mzima.

Binti akasema, "Umejaa. Mbona hauimbi?"

Nikacheka. Nikamwambia, "We binti, mfuko ukijaa tu hauimbi. Lazima kiwiko kibane."

"Kikibana inakuwaje?"

"Hewa inatoka."

"Halafu?"

"Ikitoka ndiyo inaimba."

Alikaa tu anatazama kiwiko changu. Pencho naye anatazama kiwiko changu. Na mimi, Dafina, nikakitazama kiwiko changu. Kisha nikajitazama hapa kifuani.

Nikamwambia, "Lete taulo."

Nikajifunga taulo, nikashika ncha, nikasema moyoni hizi mbavu ndizo kiwiko. Nikabana taratibu nikipuliza kwa mdomo mdogo, nikaendelea, nikaendelea. Ikatoka hewa sijui ya mwaka gani. Nadhani nyingine ilikuwa ya mgodini bado. Na ilipokwisha, wala sikuvuta, iliingia yenyewe, baridi, mpaka chini kabisa, mahali ambapo nilikuwa nimesahau kwamba ninapo. Nikakohoa, makohozi yakatoka yaliyokuwa yamekaa kama mpangaji asiyelipa. Binti akaleta futi kamba. Ilisogea! Akamwita daktari mkuu. Hawakuitwa wanafunzi safari hii, nikauliza kwa nini, wakasema wako likizo.

Sasa naamka asubuhi, nafanya mbavu zangu kabla hata hajaja. Kulia, kushoto, mkono juu, nafungua, nabana. Nawafundisha na wengine. Ukumbini natembea na Pencho sambamba, yeye upande wa dirisha. Binti ananishukuru sana kwa ugunduzi huu.

Swali moja. Gaida langu umelizungushia magazeti. Tangu baba yangu hajafa gaida linazungushiwa blanketi jekundu la kwenye sanduku. Magazeti yamekwaruza filimbi. Blanketi jekundu liko wapi? Na mbona hukuniandikia kama cherehani imerudi? Kurekebisha cherehani hakuchukui mwezi.

Asen amelibeba blanketi letu?

Manol


Kozi Dol
13 Julai 1983

Manol,

Blanketi liko Smolyan. Cherehani iko Smolyan, haikuwa imeharibika. Sanduku pia, na vyombo vya sikukuu. Asen alibeba, lakini aliyemwita ni mimi. Usimkasirikie mtoto. Nilimwambia mimi, wiki ile ya kiburuzo.

Hatukuwahi kuzungumza habari ya kiburuzo. Ulipofika ndani ulijikung'uta nyasi, ukakaa ukutani, ukasema supu ina chumvi. Mimi nikasema nitapunguza. Basi. Lakini wewe ulikuwa chini ya nyasi, hukuona njia. Mimi niliiona, kila jiwe, huku nalia, na kila nilipogeuka nilikuwa nasikiliza kama bado unakoroma kifuani au umenyamaza.

Nimefurahi kuhusu mbavu zako. Nimeisoma barua yako mara nyingi, nikamsomea na Ruska, akalia, unamjua. Lakini nimeenda nikaitoa barua yako ya kwanza, ile unayosema utapanda bila kusimama na chemchemi utazipita kama basi. Mbavu zimebadilika, hilo neno umelibadilisha?

Nakuambia nikiwa na akili zangu zote. Kama utapanda bila kusimama, mimi siji kukupokea. Nitakuwa Smolyan, kwenye fleti, nimekaa juu ya sanduku, na wewe utanifuata utakapochoka kufa njiani. Kama utasimama, nitakungoja chini barabarani siku ya Ilinden asubuhi, tupande wote.

Mbuzi mwenye doa nimempa jina lako. Hasikii la mtu.

Dafina


Hospitali ya Kifua
20 Julai 1983

Dafina,

Barua yako ilinifika Jumatatu. Nimekaa nayo siku mbili. Pencho aliniuliza, "Nani kafa?" Nikamwambia hakuna aliyekufa, na huyo aliyetaka kufa mkewe kamkataza.

Sikujua kwamba ulilia ukivuta. Nilijua kwamba ulivuta.

Nitasimama. Chemchemi zote tatu. Njoo barabarani.

Lakini watu wa Kozi Dol wasije wakasema Manol kasimamishwa. Nitasimama mwenyewe, kwa kupenda kwangu, na nitasimama vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kusimama kwenye ile njia.

Manol


Kozi Dol
7 Agosti 1983

Binti Nevyana,

Nakuandikia mimi Manol, kwa kalamu ya wino, mezani, na meza yetu ina miguu yote. Hii barua umsomee na Pencho, kwa sauti, ukumbini, wote wasikie.

Siku ya Ilinden basi liliniacha dukani. Dafina alikuwepo, kavaa aproni nyekundu ya sikukuu. Asen naye, kabeba mzigo mkubwa mgongoni umefungwa turubai, uso umekunjamana. Nikajua anakwenda kufunga vilivyobaki. Pale juu, uwanjani mbele ya kanisa, kijiji kizima kilikuwa kimekusanyika kwa sababu ya mwana-kondoo wa sikukuu, na kutoka pale mtu anaiona njia yote kama kiganja. Kwa hiyo walikuwa wanatazama. Nilijinyoosha kwanza, kulia, kushoto, mkono juu, mbele za watu wote. Asen akasema, "Baba, unafanya nini?" Nikamwambia, "Natia mafuta bawaba."

Tukaanza. Hatua mbili navuta, nne napuliza. Chemchemi ya chini nilisimama. Nilisimama hata kabla sijachoka, kama ulivyosema. Nikaegemea mikono juu ya jiwe, mabega chini, nikatoa. Mzee Radko akapiga kelele kutoka juu, "Manol! Umekwisha?"

Nikamjibu, "Naipa njia nafasi ipumzike!"

Wakacheka wote. Lakini nilipata pumzi ya kumjibu, umesikia? Mwezi wa pili nisingeweza hata kumtukana.

Kati ya chemchemi ya chini na ya kati pana kona mbaya. Hapo kifua kilitaka kurudia mambo yake. Nilisikia mabega yanapanda, na mfuko unataka kujaa na kujaa, na ile hofu ikaja, unaijua. Dafina akaweka kiganja chake mgongoni kwangu, pale pale ulipokuwa ukitua ufito wa marehemu baba. Hakusema jaza, hakusema toa. Aliweka tu. Nikapoza supu. Nikapoza supu ndefu, ya sufuria nzima. Ikapita.

Chemchemi ya kati tukakaa wote wawili. Ndipo tuliposimama ile siku ya theluji. Dafina akanawa uso, akasema, "Maji ya hapa ni matamu zaidi." Nikasema, "Siku zote yalikuwa."

Halafu sikia hii, Pencho asikie pia. Tunataka kuondoka, Asen, mwanangu, kijana wa miaka arobaini na mbili, mvuta sigara, jasho linamtoka, anasema, "Baba, tukae kidogo tena." Nikamwambia, "Kaa, mwanangu, kusimama si aibu. Mdomo mdogo. Usivute kwa nguvu, itoe kwanza." Nikamfundisha. Watu wazima wawili tumekaa chemchemini tunapoza supu, na uwanjani wanauliza Manol na mwanawe wanapiga mluzi gani usiosikika.

Ya juu nikasimama pia, kwa sababu niliahidi. Kutoka hapo mpaka mlangoni ni karibu, nikaufungua mlango kwa mkono wangu. Nikageuka. Asen ametua mzigo, anafungua turubai. Nikasema moyoni, sasa anatoa kamba za kufungia vitu. Akatoa cherehani. Akatoa blanketi jekundu. Kumbe mzigo wote ule ulikuwa unapanda, haushuki! Nikamuuliza, "Ulijuaje kwamba nitafika?" Akasema, "Sikujua. Mama aliniambia umekubali kusimama, nikapakia." Mtoto huyu alibeba cherehani ya chuma ile njia yote halafu mimi ndiye ninayeitwa mkaidi.

Masharti yake ni haya: theluji ikizidi tutashuka Smolyan wiki chache, kisha tunarudi. Nimekubali. Nilijifanya nafikiria kwanza.

Jioni nikaenda uwanjani na gaida. Sitakuficha, wewe utajua hata nikificha. Zile ndefu za kuchezesha watu mpaka jua lizame siziwezi tena. Alijaza mfuko Asen, kisha nikachukua mimi, pumzi ndogo, napuliza kidogo, naacha. Na hapa nikukumbushe, binti, kwa sababu nimepiga miaka sitini nikiwa sijalitazama jambo lenyewe: nikiacha kupuliza, gaida halinyamazi. Kiwiko kinabana, mfuko unaendelea kuimba, na mpigaji anapumzika katikati ya wimbo bila mtu kujua. Ndivyo lilivyotengenezwa. Mzee Radko akalia. Anasema ni moshi wa kuchomea kondoo. Nilipiga wimbo mmoja tu, wa polepole, na ulikuwa wimbo bora uliowahi kupigwa Kozi Dol, waulize wote.

Mwambie Pencho aje mwakani. Njia yetu ina mahali pazuri pa kusimama.

Manol,
mpiga gaida, na mwalimu wa mbavu

Binti Nevyana, naongeza mimi Dafina hapa chini, yeye ametoka kwenda kumfokea mbuzi. Alisimama mara nne, si tatu, ile ya kwenye kona hakuihesabu. Blanketi liko kitandani. Jana alilala humo, hakukaa ukutani, alilala ubavu kama ulivyomfundisha, mkono wake juu ya kichwa changu. Akakoroma mpaka jogoo wakanyamaza. Nilikaa macho namsikiliza, si kwa hofu. Nilikuwa nasikiliza tu pumzi inavyotoka.